Kisichoonekana Si Kisichojulikana

Wako watu wasemao ya kuwa maada ya giza ni vazi tu ambalo wataalamu wameuvika ujinga wao. Husema hivi: "Walitazama mbinguni, hesabu zao zikakataa, wakabuni kitu kisichoonekana ili zikubali. Mimi nikipoteza shilingi nikasema imechukuliwa na jini, nachekwa. Mwanafalaki akipoteza uzito wa ulimwengu akasema umo gizani, apewa nishani. Tofauti iko wapi?"

Neno hili ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake. Humfariji mvivu, kwa kuwa humweka sawa na aliyekesha akipima. Humwambia mwanafunzi ya kuwa elimu ni mashindano ya kubuni, na kila abuniye ana haki sawa na mwenzake. Naandika insha hii kulipinga. Sidai ya kuwa wataalamu wanajua yote. Nitakuonyesha mimi mwenyewe wasiyoyajua. Ninalodai ni hili: maada ya giza haikupewa jina tu, ilipewa sifa, na kila sifa ni mtego aliojitegea mwenye kuitaja. Lau sifa zile zingalikuwa za uongo, mbingu zenyewe zingalimwumbua. Jini wa shilingi hana sifa ya namna hiyo.

Kwanza tuone jinsi shaka ilivyoingia. Utaridi, sayari iliyo karibu na Jua kuliko zote, huenda kilometa 47 kwa sekunde. Ardhi yetu huenda 30. Neptuni, iliyo mbali kuliko zote, huenda 5 na kidogo. Sababu ni kwamba mvutano wa Jua hupungua kwa umbali. Kwa hiyo mwendo wa kitu kizungukacho ni mizani: ukijua umbali wake na mwendo wake, umejua uzito wa kile kinachokivuta.

Mwaka wa 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, aliitumia mizani hiyo kwa kundi la Coma. Kundi hilo ni mkusanyiko wa galaksi zaidi ya elfu moja, na kila galaksi ni mji wa nyota wa mabilioni. Aliona galaksi zake zinakwenda kwa kasi ambayo uzito wa nyota zote zionekanazo hauwezi kuizuia. Kundi lingalikwisha kutawanyika zamani, na halijatawanyika. Aliandika kwa Kijerumani ya kuwa lazima imo maada ya giza. Wachache walimsikiliza. Mwaka wa 1970 Vera Rubin na Kent Ford, Wamarekani, walipima mwendo wa gesi katika galaksi ya Andromeda. Ungetazamia gesi ya pembeni iende polepole, kama Neptuni. Haikwenda polepole, ilikimbia karibu sawa na ile ya ndani. Galaksi nyingine zilizopimwa baadaye zilitoa ushahidi ule ule.

Shahidi wa tatu aliondoka pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei za mbinguni. Iligundua ya kuwa makundi ya galaksi, Coma likiwa mojawapo, hutoa eksirei nyingi. Nazo zatoka katika gesi iliyojaa baina ya galaksi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Gesi ya joto kama hilo haitulii. Hutoka kama mvuke wa sufuria isiyo na kifuniko. Kifuniko chake ni mvutano, na vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha ya kuwa uzito wa nyota zote, pamoja na wa gesi yenyewe, hautoshi kuwa kifuniko.

Hapa mpinzani aweza kusimama na kuuliza: "Je, kama kilichokosa si maada bali kanuni ya mvutano?" Swali hili ni la haki, na asiyelijibu hana haki ya kuitetea maada ya giza. Historia yenyewe yampa mpinzani nguvu. Mwaka wa 1846 Urbain Le Verrier, Mfaransa, aliona ya kuwa sayari ya Uranusi inapotoka katika njia yake. Akahesabu ya kuwa inavutwa na sayari isiyojulikana, akataja mahali ilipo. Johann Galle aliielekeza darubini ya Berlin huko, akaikuta sayari ya Neptuni pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Mwaka wa 1859 Le Verrier huyo huyo aliona ya kuwa Utaridi nayo inapotoka kidogo. Akatumia hoja ile ile, akataja sayari nyingine iliyojificha karibu na Jua. Ilitafutwa kwa miaka mingi, haikuwako. Mwaka wa 1915 Albert Einstein alionyesha ya kuwa safari hii kanuni ndiyo iliyohitaji kusahihishwa.

Mtu mmoja, hoja moja: mara ya kwanza alishinda, mara ya pili alishindwa. Basi si ajabu ya kuwa mwaka wa 1983 Mordehai Milgrom, Mwisraeli, alipendekeza kanuni ya mvutano ibadilishwe badala ya kuongeza maada. Kanuni yake hueleza vizuri mzunguko wa galaksi nyingi, ingawa katika makundi makubwa uzito hubaki umepungua hata ukiitumia. Nakiri basi ya kuwa mwendo peke yake haumalizi kesi hii. Yatakiwa ushahidi wa namna nyingine, nao umo katika jinsi ulimwengu ulivyojengwa.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Ulipokuwa na miaka 380,000 ulikuwa gesi ya moto, na nuru ya wakati ule yatufikia hata leo, imepoa ikawa mawimbi mafupi ya redio. Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kuigundua mwaka wa 1965. Mwaka wa 1992 setilaiti ya COBE ilionyesha ya kuwa nuru hiyo si sawasawa kabisa: ina tofauti za sehemu 1 hivi katika 100,000. Fikiri ziwa lenye kina cha mita 100, na mawimbi yake yasizidi milimita moja. Ulimwengu ulikuwa laini kiasi hicho. Kutoka katika ulaini huo zimetokea galaksi, nyota, Mlima Kenya, na wewe usomaye.

Zimetokeaje? Mvutano humwongezea mwenye nacho: palipo na maada zaidi kidogo huvuta zaidi, na pavutapo zaidi huzidi kujaa. Lakini ulimwengu unatanuka, na kutanuka huko hupunguza kasi ya kazi hiyo. Kanuni ni rahisi: tofauti hukua kwa kadiri ulimwengu unavyotanuka. Tangu siku za nuru ile ulimwengu umetanuka mara 1,100 hivi. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe. Sehemu 1 katika 100,000, ukiizidisha kwa 1,100, yapata sehemu 1 katika 100. Ziwa letu la mita 100 lingekuwa leo na mawimbi ya mita moja tu. Hata ukiniambia nimekosea mara tatu au nne, bado hupati galaksi hata moja; wapata ukungu wenye madoa. Kwa maada ya kawaida peke yake, mimi nisingekuwapo niandike, wala wewe usome.

Mbona basi maada ya kawaida haikuanza kujikusanya mapema? Kwa sababu ilishikwa na nuru. Katika gesi ya moto, nuru na maada hugongana bila kukoma. Maada ikijaribu kujikusanya, nuru huisukuma nyuma. Ilibaki ikitikisika, kama ngozi ya ngoma, hata gesi ilipopoa na nuru ikaiachilia. Hapa ndipo sifa ya kwanza ya maada ya giza ifanyapo kazi: haina shauri na nuru. Jina lake, kwa kweli, lapotosha. Kitu cha giza huzuia nuru, kama mwamba au moshi. Hii haitoi nuru wala haiizuii. Nuru hupita ndani yake kama ipitavyo katika kioo safi. Kwa kuwa haikushikwa, iliweza kuanza kujikusanya wakati maada ya kawaida ingali mfungwa. Mfungwa alipofunguliwa, alikuta mashimo yamekwisha kuchimbwa, akatumbukia humo. Mashimo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa galaksi.

Mtu aweza kusema, "Hiyo ni hadithi nzuri." Ni zaidi ya hadithi, kwa sababu ina mizani. Ile mitikisiko ya gesi iliacha alama katika nuru ya kale, na ukubwa wa alama hutegemea ni kiasi gani cha maada kilikuwa kimeshikwa na nuru na ni kiasi gani kilikuwa huru. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka wa 2009, ilizipima alama hizo. Jibu lilikuwa kwamba katika kila sehemu 100 za vyote vilivyomo ulimwenguni, 5 hivi ni maada ya kawaida, na 26 au 27 ni maada ya giza. Zilizobaki ni jambo jingine, linalohitaji insha yake. Yaani maada ya giza ni kama mara tano ya ile ya kawaida. Ukiyapima makundi ya galaksi ya leo kwa njia nyingine kabisa, wapata uwiano unaokaribiana sana na huo. Mizani mbili zisizojuana, moja ya utoto wa ulimwengu na moja ya utu uzima wake, zimesema neno moja. Wale watakao kubadili kanuni peke yake wamepata taabu hapa kuliko mahali popote.

Sifa ya pili ni ubaridi. Katika habari hii, moto na baridi ni maneno ya mwendo: chembe ziendazo kwa mbio zinazokaribia za nuru huitwa za moto, na ziendazo polepole huitwa za baridi. Wataalamu walikuwa na kishawishi kikubwa. Chembe iitwayo nyutrino ilikuwa imethibitishwa tangu mwaka wa 1956. Haishikwi na nuru, nayo imejaa kila mahali. Mwaka wa 1980 watafiti wa Moscow walitangaza ya kuwa wamepima uzito wake, na uzito waliotaja ungalitosha kuifanya ndiyo maada ya giza. Kitu kilikuwapo, jina kilikuwa nalo, na kila mtu alitamani kesi iishe.

Lakini chembe za mbio hazijengi vitu vidogo. Hazitulii katika mashimo madogo. Huyavuka na kuyafukia, kama maji ya bahari yafutavyo nyayo mchangani. Yangebaki mashimo makubwa peke yake. Makundi makubwa yangezaliwa kwanza, kisha yangepasuka na kutoa galaksi, na galaksi zingekuwa ndogo kwa umri kuliko makundi yao. Mwaka wa 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis waliujenga ulimwengu wa nyutrino ndani ya kompyuta, wakaulinganisha na ramani ya galaksi halisi. Haukufanana nayo, galaksi zake zilirundikana mno kuliko zile za mbinguni. Dhana ikaachwa, na baadaye kile kipimo cha Moscow nacho hakikuthibitika.

Simama hapa kidogo, msomaji, kwa kuwa hapa ndipo hoja ya jini wa shilingi ianguka. Wataalamu walikuwa na kitu kisichoonekana, walikipenda, nao wakakitupa. Si kwa sababu mtu alikiona hakipo, bali kwa sababu lau kingekuwa vile walivyosema, galaksi zisingekaa mahali zilipo. Jini je? Shilingi ikipotea, jini ameichukua; ikirudi, jini ameirudisha; isipopotea kabisa, jini amelala. Hakuna litokealo ambalo jini amelikataza, na kwa hiyo hakuna litokealo laweza kumwumbua. Kitu kisichokataza lolote hakielezi lolote. Maada ya giza ya moto ilikataza mambo, mambo hayo yakaonekana, ikafa. Ndiyo tofauti uliyoiuliza, ewe mpinzani.

Iliyobaki ni ile ya baridi. James Peebles aliieleza mwaka wa 1982, na mwaka wa 1984 George Blumenthal, Sandra Faber, Joel Primack na Martin Rees waliipanua. Chembe za polepole hutulia hata katika mashimo madogo. Kwa hiyo vitu vidogo huzaliwa kwanza, huungana vikawa vikubwa, na vikubwa huungana vikawa vikubwa zaidi: haba na haba hujaza kibaba. Hoja hii nayo ilijitegea mitego. Ilidai ya kuwa galaksi ziwe za kale na makundi yawe machanga, ndivyo yalivyo. Ilidai ya kuwa galaksi zijipange katika nyuzi na kuta, na katikati pabaki nafasi tupu. Na ramani iliyotolewa mwaka wa 1986 na Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra ilionyesha galaksi zimekaa kama katika kuta za mapovu ya sabuni. Ilidai ya kuwa galaksi ndogo zianze mapema. Na darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi za wakati ulimwengu ulipokuwa haujatimiza miaka milioni 300. Mwangaza wa baadhi yao umezidi matazamio, na wataalamu wanabishana sababu. Lakini katika ulimwengu wa maada ya moto galaksi hizo hazina mahali kabisa.

Sifa ya tatu ni kutogongana. Mawingu mawili ya gesi yakikutana hugongana, hupata joto, hutoa joto hilo kwa nuru, hupoa, na kuzama katikati. Ndiyo maana nyota za galaksi yetu, zile tuzionazo usiku kama ukanda mweupe angani, zimejipanga kama sahani bapa. Maada ya giza haina njia ya kutoa joto kwa nuru. Kwa hiyo haizami, bali hubaki imelizunguka lile sahani kama tufe kubwa. Umbo la galaksi latokana na tofauti hiyo. Nayo imeonekana kwa namna ya waziwazi. Mwaka wa 2006 ulichapishwa uchunguzi wa makundi mawili ya galaksi yaliyopitana kwa kishindo, yaitwayo kwa pamoja Kundi la Risasi. Gesi ilikwama katikati, na gesi ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida ya makundi hayo. Lakini kuinama kwa nuru ya galaksi zilizo nyuma, ambako hupima uzito, kulionyesha ya kuwa uzito mwingi haukukwama na gesi. Ulipita pamoja na galaksi, kama kitu kisichogongana. Ukisema ni kanuni tu iliyokosea, yakupasa ueleze kwa nini uzito uwe mahali ambapo gesi haipo.

Sasa nitimize ahadi yangu, nitaje yasiyojulikana. Chembe yenyewe ya maada ya giza haijashikwa. Imetafutwa kwa matangi ya zenoni chini ya milima ya Gran Sasso huko Italia, na katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani; haijabisha hodi. Tena, mwaka wa 1999 hesabu za kompyuta zilidai ya kuwa galaksi yetu izungukwe na mamia ya mabonge madogo ya maada ya giza, na galaksi ndogo zilizojulikana wakati ule zilikuwa kama kumi hivi. Tangu hapo nyingine makumi zimegunduliwa, na yaaminiwa ya kuwa mabonge mengi ni madogo mno hata hayawezi kushika gesi ya kuzaa nyota. Lakini mjadala haujafungwa. Wako pia wanaouliza kama chembe hizo hugongana kidogo sana. Haya yote ni kweli, na mwalimu akikuficha hayo, amekukosea.

Lakini kutojua jina la kitu si sawa na kutojua lolote juu yake. Msasi akikuta nyayo mbugani, aweza asijue ni mnyama gani. Hata hivyo ajua ni mzito au mwepesi, alitembea au alikimbia, ana kilema au hana, na alikwenda upande gani. Ukimwambia, "Hukumwona mnyama, basi hujui kitu," atakucheka, na kesho yake atarudi na nyama. Nyayo za maada ya giza ni galaksi zenyewe. Kwa nyayo hizo twajua ya kuwa ni nzito mara tano kuliko maada tuionayo, haishikwi na nuru, huenda polepole, na haigongani kwa urahisi. Mnyama bado hatujamwona uso.

Utaniuliza: haya yamnufaisha nini mwanafunzi asiyetarajia kuwa mwanafalaki? Yamnufaisha kila siku ya maisha yake. Utakutana na wauza dawa, wauza siasa na wauza habari, na kila mmoja atakuambia ya kuwa nyuma ya mambo uyaonayo kuna jambo usiloliona. Wengine watasema kweli, kwa kuwa mambo makubwa mengi hayaonekani. Wengine watakudanganya. Ukimkataa kila atajaye kisichoonekana, utaikosa kweli. Ukimkubali kila atajaye, utaibiwa. Mwulize kila mmoja swali moja: "Ni jambo gani likitokea utakubali ya kuwa umekosa?" Mwenye elimu atakutajia, hata kama jambo hilo laweza kumwangusha. Mwenye jini atakasirika.

Jiulize na wewe swali hilo hilo kabla hujasema ya kuwa wataalamu wamebuni. Kisha usiku usio na mwezi toka nje, utazame ule ukanda mweupe. Usingalikuwako lau ile isiyoonekana isingalitangulia kuuchimbia mahali pa kukaa.